UZI: Tumehamisha seva tatu kutoka Ulaya kwenda Dar tukiwa hapa Mwanza. Faili hazikutusumbua, anwani ndiyo ilitutoa jasho

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Nimesoma humu miaka mingi na nyuzi za watu zimenitoa kwenye matatizo mengi, kwa hiyo leo nami nalipa deni. Uzi ni mrefu, vumilieni.

Mimi ni fundi wa mifumo, ofisi yetu ndogo iko Kirumba. Mteja wetu mkubwa ni kikundi cha wafanyabiashara wa dagaa na wenye maghala pale Mwaloni, soko la samaki. Mfumo wao unaandika gunia likiingia, gunia likitoka, ni la nani, nani anadaiwa, na malipo ya simu yanaingia moja kwa moja kwenye hesabu. Kompyuta nyingi ziko Mwaloni, nyingine ziko visiwani. Vyote vilikaa kwenye seva pepe tatu (seva za kukodi zinazoishi ndani ya mashine kubwa) za kampuni moja ya Ulaya: moja ya programu, moja ya databesi, na moja ya faili, yaani picha za risiti na hati za mizigo.

Kwa nini tuhame? Cha kwanza ni dola. Bili ilikuja kwa dola, na tangu 2023 dola zilipoadimika nchini, kadi ya benki ikawa inakataliwa mara kwa mara. Mara mbili tuliandikiwa kwamba seva zitazimwa, tukawa tunazunguka mjini kutafuta mtu ambaye kadi yake inapita.

Cha pili ni umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda karibu kilomita 200 kwa milisekunde moja. Ukitoka Mwanza ushuke Dar, uingie baharini mpaka Ulaya, halafu jibu lirudi, hakuna ujanja wa kuifupisha safari hiyo. Nikipima nikiwa Kirumba nilipata kama milisekunde 190 kwenda na kurudi. Ukurasa mmoja wa mfumo wetu unaulizana na seva zaidi ya mara kumi kabla haujafunguka wote, kwa hiyo karani anasubiri sekunde mbili au tatu kwa kila gunia, na mwenye gunia kasimama mbele yake. Kwenda Dar na kurudi ni milisekunde 25.

Halafu kuna tarehe 12 Mei 2024, siku nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini. Mnaikumbuka wote. Makarani wa Mwaloni walirudi kwenye daftari la karatasi, wakati tatizo halikuwa kati ya Mwanza na Dar hata kidogo. Seva ingekuwa Dar, kazi ingeendelea.

Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Imeweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Sisi tuna majina, namba za simu na madeni ya mamia ya watu. Mwanasheria wa kikundi alituuliza swali moja tu: hizi taarifa ziko nchi gani? Tulipomjibu alinyamaza, na ule unyamavu ukatuharakisha.

Sasa kazi yenyewe.

Kuna njia mbili. Moja ni kubeba seva nzima kama ilivyo: unachukua nakala ya diski yote, unaipeleka, unaiwasha kule. Nyingine ni kujenga seva mpya tupu kule uendako, kisha unahamishia data na mipangilio tu. Mimi nilianza na ya kwanza kwa sababu inaonekana ya haraka. Kampuni ya zamani hairuhusu kupakua snapshoti zao (nakala za diski za papo hapo), kwa hiyo niliiwasha seva ya faili kwa hali ya uokoaji, yaani kwa mfumo mwingine mdogo, nikaisoma diski kwa dd (amri ya kunakili diski) na kuisukuma kwa ssh (njia salama ya kufikia seva ya mbali) mpaka Dar. Ikafika salama. Ikagoma kuwaka.

Sababu ni hii. Kule tulikotoka seva pepe zilikuwa juu ya Xen (programu inayoendesha seva pepe), diski inaitwa /dev/xvda. Huku ni KVM (nyingine ya aina hiyo) yenye virtio (diski na kadi ya mtandao za kuigiza), diski inaitwa /dev/vda. Faili ya fstab, inayoorodhesha diski za kufunguliwa, ilikuwa inatafuta jina la zamani. Mbaya zaidi, kwenye CentOS 7 (mfumo endeshi wa seva zetu za zamani) ile initramfs (kifurushi cha kuwashia mashine) inajengwa na draiva za mashine iliyopo tu, kwa hiyo kerneli (kiini cha mfumo endeshi) inaamka mahali papya haina draiva ya virtio, diski haioni kabisa. Nikaingia kwa hali ya uokoaji, nikaijenga upya initramfs nikiongeza virtio_blk na virtio_net, nikabadilisha fstab itumie UUID (kitambulisho cha kudumu) badala ya jina la diski. Ikawaka. Lakini haina mtandao, kwa sababu imekuja na anwani ya IP (namba inayoitambulisha mashine mtandaoni) ya Ulaya kwenye mipangilio yake. Nikarekebisha na hiyo. Kumekucha.

Asubuhi hiyo ndipo mwenzangu akaniambia neno ambalo ningelisikia mapema ningelala. CentOS 7 iliachwa kuhudumiwa tarehe 30 Juni 2024. Hakuna tena viraka vya usalama. Alisema, "Unabeba nyumba yenye mchwa unaipeleka kwenye kiwanja kipya." Tukaifuta, tukajenga zote tatu upya kwa Debian 12, mfumo endeshi mwingine.

Faili zilikuwa GB 140. Hapa nawasihi vijana: msipitishe data kwenye kompyuta yenu. Nimeona mtu anapakua bekapu ya seva mpaka laptopu yake hapa mjini, halafu anaipandisha tena. Ni kama kutoa mzigo Shinyanga kwenda Tabora kwa kupitia Bukoba. Seva zizungumze zenyewe. Kwa megabiti 50 kwa sekunde, GB 140 ni zaidi kidogo ya saa sita. Kazi yote niliiendesha ndani ya tmux (programu inayoacha kazi iendelee hata wewe ukikatika) kwenye seva yenyewe. Umeme ulikatika mara mbili ofisini usiku ule, na rsync (programu ya kunakili faili kati ya seva) haikujua kwamba sisi tuko gizani.

Rsync ya kwanza inabeba vyote wakati watu wanaendelea kufanya kazi. Ya pili inabeba kilichobadilika. Ya mwisho, siku ya kuhama, inachukua dakika chache. Ila nilikosea kitu kimoja: niliweka --numeric-ids, inayobeba wenye faili kwa namba zao badala ya majina, ambayo ni sahihi ukihama kati ya mifumo inayofanana. Kwenye CentOS mtumiaji apache ana namba 48. Kwenye Debian anaitwa www-data na namba yake ni 33. Picha zote zikawa mali ya mtumiaji 48 ambaye huku hayupo, na programu ikashindwa kuandika risiti mpya. Chown moja (amri ya kubadilisha mwenye faili) ikatibu, lakini tuligundua kwenye majaribio. Bila majaribio tungegundua mbele ya wateja.

Databesi ilitoka MySQL 5.7 kwenda 8.0. Hii hatukuihamisha kwa kuzima. Tuliwasha binlog (kumbukumbu ya kila badiliko) kule kwenye ya zamani (inabidi databesi uizime na kuiwasha, kwa hiyo ifanye usiku wa siku nyingine kabisa), tukatoa nakala kwa mysqldump yenye --single-transaction na --master-data=2 ili tujue nakala imeishia wapi, tukaipakia Dar, kisha Dar ikawa inafuata kila kinachoandikwa Ulaya kupitia handaki la WireGuard (njia ya siri kati ya seva mbili juu ya intaneti). Tukaziacha zifuatane siku sita. Kwa siku hizo sita makarani wawili walikuwa wanafungua mfumo mpya kila jioni na kulinganisha jumla za siku. Zililingana siku zote sita.

Mpaka hapo nilidhani tumemaliza. Mtu akihama nyumba, vyombo vinaisha kupakiwa asubuhi moja. Kinachobaki ni wanaokujua kwa nyumba ile: mwenye duka anayekukopesha, anayeleta maji, mjumbe, mtoto wa shule anayerudi saa saba. Seva ni hivyohivyo. Nilichukua karatasi nikaandika kila anayeijua seva yetu kwa namba yake ya IP, siyo kwa jina. Nilitegemea watatu. Walikuwa kumi na wanne.

Kampuni mbili za malipo ya simu zinakubali maombi kutoka anwani moja tu iliyosajiliwa kwao. Kampuni ya ujumbe mfupi, hivyohivyo. Kuna handaki la VPN. Kuna ukuta wa usalama wa databesi ulioandikwa IP ya seva ya programu. Kuna mashine ya bekapu ofisini. Kuna rekodi ya SPF ya barua pepe (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina letu). Kuna mizani mbili za kidijitali Mwaloni. Na kadhalika.

Za malipo zinataka barua yenye muhuri, na majibu hayaji siku hiyo. Moja ilituchukua siku tisa za kazi. Kwa hiyo kama unapanga kuhama, barua hizo ndizo hatua ya kwanza, kabla hata hujanunua seva mpya vizuri. Omba IP ya huko uendako, iandikie barua, ndipo uanze mengine.

Usiku wenyewe nitausimulia chini, wengine waanze kuuliza.

#2 Kijana wa Nyegezi

Shikamoo mkuu. Mimi ni mwanafunzi, hapa naweka kambi. Naomba unieleweshe: ukibadilisha jina la domeini lielekee IP mpya, si watu wote wanahamia palepale? Mwalimu alitufundisha DNS ni kitabu cha simu.

#3 Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Kitabu cha simu ni sawa, ila kila mtaa una nakala yake na kila nakala ina muda wa kukaa. Muda huo unaitwa TTL. Rekodi yetu ilikuwa na sekunde 86,400, yaani siku nzima. Maana yake ukibadilisha leo saa nne usiku, kuna seva za DNS za mitandao ya simu zitakazoendelea kutoa namba ya zamani mpaka kesho usiku.

Kwa hiyo siku tatu kabla tuliishusha mpaka sekunde 300. Wengi wanakosea hapa: wanashusha TTL na kubadilisha IP kwa wakati mmoja, na nakala zilizotoka asubuhi bado zina siku nzima ya kuishi. Shusha kwanza, subiri TTL ya zamani iishe, ndipo ubadilishe. Na bado wapo watakaobaki nyuma.

#4 Fundi Igoma

Mkuu uzi mzuri, ila naomba nipingane na wewe mahali pamoja. Umeisema vibaya sana njia ya kubeba diski nzima. Mimi nimehamisha seva za shule kadhaa kwa qemu-img, kutoka VMDK kwenda qcow2 (aina mbili za faili za diski pepe), na zimewaka siku hiyohiyo. Tangu Broadcom waichukue VMware (kampuni ya programu za seva pepe) mwishoni mwa 2023 na kubadilisha leseni, wenye seva wengi wanahamia Proxmox, programu nyingine ya kazi hiyo, na huwezi kumwambia mtu mwenye seva pepe 40 ajenge zote upya. Ile initramfs unaitengeneza kabla ya kuhama, ukiwa bado kwenye seva ya zamani inayowaka, siyo baada ya kufika.

Pia futa /etc/machine-id na funguo za ssh za mashine kama utaacha nakala mbili zikiwa hai. Nimewahi kukuta seva mbili zinapewa IP moja na DHCP (huduma inayogawa IP) kwa sababu zote zina kitambulisho kimoja.

#5 Mleta uzi

Fundi, nakubali kabisa la initramfs kabla ya kuhama, ningefanya hivyo ningelala. Na kwa seva 40 uko sahihi. Msimamo wangu ni kwa mtu mwenye seva mbili au tatu, na mfumo endeshi uliokwisha muda. Huyo kuhama ndiyo nafasi yake ya kusafisha, akiikosa hataipata tena kwa miaka.

#6 Mama Dagaa

Jamani mimi si mtaalamu, mwanangu ndiye kaniwekea huu uzi nisome kwa sababu ghala langu limo kwenye huo mfumo. Naona fundi hajasema usiku waliuchaguaje, na hilo nilihusika mimi.

Walikuja kikaoni wakasema wanahama Jumamosi usiku, kwa sababu Jumapili watu wanapumzika. Nikawauliza, mnajua Jumamosi hiyo ni giza? Dagaa hawajui Jumapili. Dagaa wanavuliwa kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti, mitumbwi inalala. Giza likirudi wanavua kila usiku, wanaanikwa, magunia yanaingia Mwaloni kutoka visiwani, na wanunuzi wa Kongo wako pale wanasubiri. Nikawaambia wahame kwenye mbalamwezi, siku mbili tatu baada ya mitumbwi kusimama, mzigo wa nyuma ukishakauka na kuondoka. Ghala linakuwa na nafasi ya kupumua. Wakanisikia.

#7 Mleta uzi

Shikamoo mama. Nilikuwa naliweka hilo kwa ajili ya mwendelezo, umenitangulia na umelisema vizuri kuliko mimi. Nilifungua kumbukumbu za mfumo za mwaka mzima nikachora grafu ya magunia kwa siku, na mwezi unaonekana waziwazi: yanapanda, yanashuka, kila wiki nne. Sisi tuliisoma grafu ile baada ya kikao, mama alikuwa anaijua bila grafu.

Basi usiku wenyewe. Saa nne kamili tuliweka ukurasa wa "tunafanya matengenezo". Databesi ya Ulaya tukaifunga isiandikwe, super_read_only. Dar ikaifikia ndani ya sekunde chache, tukahesabu mistari ya jedwali la magunia na la malipo pande zote mbili, zikalingana. Rsync ya mwisho dakika kumi na moja. Tukaivunja replikesheni (ule ufuatanaji wa databesi mbili), Dar ikawa mkuu. Tukabadilisha DNS. Kwenye seva ya zamani tukaweka nginx, programu inayopokea kila anayekuja na kumsukuma mpaka Dar, ili aliyebaki na namba ya zamani ahudumiwe hivyohivyo. Saa sita kasoro tukafungua mlango.

Asubuhi saa moja simu ya kwanza: malipo ya mtandao mmoja hayaingii. Kampuni ile ilikuwa imetuthibitishia kwa barua pepe kwamba IP mpya imesajiliwa. Ilikuwa imesajiliwa kwenye mazingira ya majaribio, siyo kwenye mazingira halisi. Ilikuwa Jumamosi, dawati lao linarudi Jumatatu.

Wakuu, nilikaa kimya kama dakika mbili. Kisha nikakumbuka kwamba anwani wanayoitambua bado ni yetu, iko Ulaya na inalipiwa mpaka mwisho wa mwezi. Handaki la WireGuard bado lipo. Tukaandika kanuni moja ya njia: maombi yote yanayokwenda kwenye kampuni ile yasitoke Dar moja kwa moja, yapite kwenye handaki, yatokee na IP ya zamani. Malipo yakaanza kuingia saa mbili na nusu. Ombi linatoka Dar linakwenda Ulaya linarudi tena Dar, lakini mama aliyekuja kulipia gunia hakujua lolote.

Ndiyo maana nasema msizime seva ya zamani haraka kwa kuogopa bili. Mwezi mmoja wa bili mbili ulituokolea siku mbili za soko.

#8 Dada wa Hesabu

Mimi ndiye mhasibu wa moja ya maghala hayo. Nina swali ambalo sikupata nafasi ya kuuliza kikaoni. Tangu mhame, ripoti ya kufunga siku inakuja saa sita kasoro dakika tano usiku. Zamani ilikuwa inakuja kati ya saa saba na saa nane usiku, na kila mwaka kuna miezi inachelewa zaidi. Nilishazoea kurekebisha kwa mkono mauzo ya usiku. Nini kilibadilika?

#9 Mleta uzi

Dada, pole sana kwa miaka yote hiyo. Seva ya zamani ilikuwa kwenye saa za Ujerumani. Kazi ya kufunga siku ilipangwa 23:55 kwa saa zake. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima. Wao wako saa mbili mbele wakati wa kiangazi na saa moja wakati wa baridi. Kwa hiyo ripoti yako ilifungwa 00:55 kiangazi na 01:55 baridi kwa saa zetu, na mauzo ya muda huo yakahesabiwa siku isiyo yake. Seva mpya tumeiweka Africa/Dar_es_Salaam.

Ila nikuonye: safuwima za zamani zilizoandikwa kwa aina ya DATETIME hazibadiliki zenyewe. Zinabaki na saa ya Ujerumani kama zilivyoandikwa. Zile za TIMESTAMP zinajirekebisha. Jedwali la malipo ni TIMESTAMP, la magunia ni DATETIME. Tutaandika hati (skripti, yaani maagizo ambayo kompyuta inayatekeleza yenyewe) ya kusahihisha la magunia, lakini tutakuletea wewe kwanza ukague mwezi mmoja kabla hatujagusa kumbukumbu nyingine, kwa sababu wewe una marekebisho yako ya mkono na hatutaki yasahihishwe mara mbili.

#10 Dada wa Hesabu

Nashukuru sana. Daftari la marekebisho ninalo, kuanzia siku ya kwanza. Nitalileta ofisini.

#11 Mdau wa Bukoba

Salamu kutoka upande wa pili wa ziwa. Nina mawili.

Gharama ya kutoka. Wengine mnakaa kwenye kampuni kubwa za wingu (zinazokodisha seva kwa mtandao) ambako kuingiza data ni bure na kuitoa kunalipiwa kwa GB. Mwaka 2024 Google walitangaza Januari, AWS (wingu la Amazon) na Microsoft wakafuata Machi, kwamba mteja anayehama moja kwa moja anaweza kusamehewa gharama hiyo. Lakini unaomba kwanza, wanakukubalia, ndipo unatoa. Ukishatoa kwanza, unajadiliana na bili. Presha ilitoka Umoja wa Ulaya, ambao Sheria yao ya Data imeanza kutumika Septemba 2025.

La pili ni bekapu. Naona mmehamia Dar vyote vitatu. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la kampuni ya seva ya OVH pale Strasbourg, Ufaransa, liliungua lote. Waliokuwa na bekapu kwenye uwanja uleule walipoteza seva na bekapu kwa pamoja. Zenu ziko wapi?

#12 Mleta uzi

Swali zuri mkuu. Bekapu ya kila usiku inasimbwa (inafungwa kwa ufunguo wa siri) Dar kabla ya kutoka, kisha inakwenda sehemu mbili: kwa kampuni nyingine tofauti na inayotuuzia seva, na kwenye mashine ya ofisini Kirumba. Ufunguo wa kusimbua uko kwa viongozi wawili wa kikundi, kwenye karatasi, ndani ya sefu. Kila mwezi tunaifungua moja kwenye seva tupu tuone kama inasomeka. Mara ya kwanza haikusomeka, hati ilikuwa inaishia njiani diski inapojaa. Tungejua lini bila kujaribu?

#13 Kijana wa Nyegezi

Mkuu, na barua pepe? Umetaja SPF tu.

#14 Mleta uzi

Barua pepe usiibebe mwenyewe kama unaweza kuikwepa. IP mpya haina historia, na Gmail wanaipokea kwa mashaka. Kampuni nyingi za seva zinafunga mlango wa 25 (unaotumika kutuma barua pepe) mpaka uombe. Sajili PTR, yaani jina la kinyume la IP, sahihisha SPF na DKIM (sahihi ya kuthibitisha barua), ujipe wiki mbili. Sisi tulizipeleka kwa mtoa huduma wa barua pepe tukaachana nazo.

#15 Mleta uzi

MREJESHO, wiki ya tatu.

Nilisema walioijua seva yetu kwa namba ni kumi na wanne. Wote nilishawahamisha, hata ile kampuni ya malipo ilirekebisha Jumanne na kanuni ya njia tukaiondoa. Nikataka kuzima seva ya zamani. Kabla ya kuzima nikafungua logi (kumbukumbu ya wanaoingia) ya nginx ili niridhike.

Kuna mtu bado anabisha hodi. Kila baada ya dakika tano, mchana na usiku, siku kumi na tisa. IP yake ni ya mtandao wa simu na inabadilikabadilika, kwa hiyo haiwezi kunipeleka kwake. DNS haihusiani naye, maana TTL iliisha zamani. Ombi lenyewe ni la kusawazisha risiti, na ndani yake kuna namba ya kituo. Nikaitafuta kwenye databesi: wakala wa Nansio, Ukerewe.

Nikampigia karani wake. Akaniambia, "Mbona mfumo uko vizuri tu?" Na kweli ulikuwa vizuri, kwa sababu nginx ilikuwa inamsukuma Dar bila yeye kujua. Kama ningezima siku ile bila kuangalia logi, risiti za Nansio zingekuwa zinajikusanya kwenye kompyuta yake, na sisi tungeona tu kwamba Ukerewe biashara imelala.

Hakuna wa kumwelekeza kwa simu afungue faili ya mipangilio, na njia ya mbali hatukuwa nayo kwenye ile kompyuta. Nikapanda meli ya asubuhi. Fundi aliyeifunga alishahama mkoa, na enzi zile domeini ilikuwa haijanunuliwa, kwa hiyo aliandika IP yenyewe. Siwezi kumlaumu, mimi pia nimewahi kufanya hivyo mahali na sikumbuki ni wapi. Nikaifuta namba, nikaandika jina.

Nilisubiri gatini Nansio nikiwa na logi ya seva ya zamani kwenye simu. Dakika tano, kumi, nusu saa. Hakuna aliyebisha. Nikampigia mwenzangu Kirumba afute data kwenye zile diski, afute na snapshoti zote tatu, maana hizo hubaki zinalipiwa hata seva ikishafutwa, kisha afunge akaunti na kuomba uthibitisho kwa maandishi.

#16 Fundi Igoma

Mkuu, kama una hati ya kutafuta IP zilizoandikwa moja kwa moja kwenye mipangilio, unaweza kuiweka hapa? Nina shule tano za kuhamisha Desemba wanafunzi wakifunga, na nimeanza kuogopa.

#17 Mleta uzi

Ni grep -rn (amri ya kutafuta maneno ndani ya faili) ya IP ya zamani kwenye /etc, /opt, /var/www na kwenye crontab (ratiba za kazi) za watumiaji wote, halafu mysqldump ya majedwali ya mipangilio ikipitishwa kwenye grep hiyohiyo. Itakuonyesha za upande wa seva tu. Za upande wa wateja ziko kwenye logi, kwa hiyo anza kuzihifadhi leo, usisubiri Desemba. Njoo Kirumba Alhamisi mchana nikuonyeshe nilivyozipanga.